Jibini ya Kukaanga Siku ya Nikahi

Baba yangu alikuwa hajawahi kula chakula nilichopika mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba zile siku tatu za nikahi ya dada yangu nilikuwa napigania jibini. Jibini ni chakula tu, na nimeikaanga vya kutosha. Nilichokitaka ni kumwona mzee yule akitia mdomoni kitu kilichotoka mikononi mwangu, akitafuna, akimeza, na watu wakiwapo.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Kule Hulugho nilikokulia iliamuliwa mapema kwamba mtoto mmoja wa nyumba yetu atakaa nyuma ya meza yenye mafaili, na mtoto huyo nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa mzembe malishoni na ngamia walikuwa wakinipotea. Nikapelekwa Nairobi kusomea mambo ya ofisi. Nilirudi baada ya miaka miwili na cheti cha upishi. Baba alikitazama cheti kile mbele na nyuma, akakirudisha taratibu ndani ya bahasha yake, akasema, "Nilikupeleka ujifunze kuandika. Wewe umejifunza kukaanga." Basi. Hakulizungumza tena jambo hilo, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningepata pa kujibia.

Sasa ni mwaka wa kumi na tano nikiwa mpishi katika hoteli moja ya hapa Garissa, hoteli ya semina, ambapo watu huja kusikiliza hotuba huku jicho liko mlangoni wakingoja chai ya saa nne. Nina mke, nina watoto wanne, nina nyumba yenye ua mpana. Baba akija mjini hufikia kwangu, hulala kwangu, huwaombea dua watoto wangu mmoja mmoja. Ila chakula kikiwekwa mbele yake, humgeukia mke wangu kwanza, na mke wangu, mwanamke mwerevu asiyependa maneno mengi, humwambia kwa Kisomali chetu, "Mimi ndiye niliyepika, aabo," yaani baba. Hapo ndipo mzee hunawa. Mara mbili nilijaribu kumwendea kwa hila, nikapika mwenyewe na kumwomba mke wangu aitikie kama kawaida. Sijui mzee alijuaje. Mara zote mbili alisema ameshiba, Alhamdulillah, akaomba maziwa.

Kisha dada yangu akaposwa. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi, na huwezi kumkatalia jambo kwa sababu huomba huku akicheka. Wakwe walikuwa wanatoka Tarbaj, na Hulugho ni mbali kwao, kwa hiyo ikakubaliwa nikahi ifungwe nyumbani kwangu, Ijumaa baada ya asri. Dada akanipigia simu. "Aboowe," akaniita, kama wadogo wanavyowaita kaka zao kwetu, "wali na nyama kila mtu anapika. Mimi nataka zile jibini zako. Zile zinazolia mdomoni." Alikuwa amezila mara moja kwenye semina ya walimu hotelini kwetu: vipande virefu vya jibini, vimevikwa unga na yai na chenga za mkate, vikakaangwa mpaka nje pawe pakavu pa kuvunjika, na ndani pabaki laini na moto.

Nikamwahidi. Halafu simu ya baba ikaja. "Siku ya nikahi wewe ni mkubwa wa nyumba," akasema. "Utakaa na wanaume, kando yangu. Sitaki kusikia uko jikoni." Nikasema haye, sawa. Nilipokata simu nilikuwa tayari nimeshika kani. Nitakaa na wanaume, na nitakaanga, na mzee atakula. Nilijiambia hivyo kwa sauti, peke yangu, pale stoo ya hotelini, katikati ya magunia ya viazi.

Jibini ya kukaanga haipatikani kirahisi Garissa. Iliyoko madukani ni ile ya karatasi nyembamba, ya kuwekea watoto kwenye mkate, nayo ikigusa mafuta tu hutoweka kama haijawahi kuwapo. Nikaagiza Nairobi. Rafiki niliyesoma naye alinipakilia vipande vinne vikubwa ndani ya boksi lenye barafu, akaliweka kwenye basi la alfajiri la Jumatano. Basi lilipasuka tairi mara mbili, likasimama njiani saa zima juani, likaingia Garissa alasiri badala ya adhuhuri. Karani wa mizigo alipolinyanyua lile boksi, maji yalimtiririkia kwenye viatu.

"Bole sana, ndugu," akaniambia kwa lafudhi ya kwetu. "Hii ilikuwa samaki?"

Joto la Garissa halina mzaha. Vile vipande vinne vilikuwa vimekuwa kimoja, kinang'aa kwa mafuta, na harufu yake ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alisimama mlangoni na mkono puani. "Hiyo haiingii humu ndani," akasema. Nikaenda kuifukia nyuma ya ua, na hata kuku walijitenga.

"Kaanga sambusa," akaniambia niliporudi. "Kila mtu anapenda sambusa. Dada yako ataelewa."

"Dada yangu ataelewa," nikamjibu. "Mimi ndiye sitaelewa."

Alinitazama, akaona nimefika pale ambapo mtu haniambii kitu, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni ile, kabla ya magharibi, baba aliwasili. Alikuja na gari la watu wa mifugo, akateremka akiwa na fimbo yake, koti lake la kijivu, na jerikeni nne za maziwa ya ngamia kwa ajili ya wageni. Vyombo vilikuwa vimefukizwa moshi wa kuni kama kawaida yetu, na alipofungua kifuniko kimoja ili mke wangu aonje, ile harufu ya moshi na maziwa ilijaa sebuleni, nami nikajikuta nina umri wa miaka saba. Na hapo hapo, nikiwa katika hali hiyo ya utoto, nikapata lile wazo.

Jibini ni nini? Ni maziwa. Hotelini, wakija wageni wasiokula nyama, mimi huwa nawatengenezea jibini mwenyewe: nachemsha maziwa ya ng'ombe, natia maji ya ndimu, yanaganda, nachuja, nakandamiza, nakata. Ni kazi ya asubuhi moja. Sasa, nikitengeneza jibini kwa maziwa ya ngamia wa baba, ngamia anaowajua kwa majina na kwa majina ya mama zao, atakataaje? Kuyakataa itakuwa kuwakataa ngamia wake mbele ya wakwe. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule, usingizi wa mtu anayejiona mjanja.

Hapa lazima nijiseme bila kujihurumia. Kosa nililolifanya Alhamisi asubuhi hangelifanya Mkamba wala Mkikuyu wala mpishi yeyote wa Mombasa, maana hao wangeuliza kwanza. Sisi tumelelewa tukiamini kwamba hakuna kisichowezekana kwa maziwa ya ngamia. Ukiumwa tumbo, unapewa. Sukari ikipanda, unapewa. Mzazi anapewa, mgonjwa anapewa, msafiri anapewa, na kijana asiyepata mchumba kuna shangazi atakayesema hajanywa ya kutosha. Kwa hiyo haikunijia kichwani hata mara moja kuuliza swali dogo sana: mbona maisha yangu yote sijawahi kuona samli ya ngamia?

Baba alikuwa ametoka kwenda soko la mifugo kuamkiana na wenzake. Nikachukua jerikeni moja bila kumwambia mtu. Nikamimina maziwa kwenye sufuria kubwa, nikawasha gesi, nikakoroga kwa mwiko yasishike chini. Povu lilipopanda nikazima moto, nikaanza kutia maji ya ndimu, kidogo kidogo, nikingoja yale mabonge meupe niliyoyazoea. Nikangoja. Nikatia ndimu zaidi. Maziwa yakawa mepesi na ya kijivu, na ndani yake kukaanza kuelea vitu vidogo kama majivu. Nikarudisha motoni. Nikatia ndimu nyingine, na nyingine, mpaka kapu la ndimu likabaki maganda. Mwishowe nikasema labda yameganda ila hayaonekani, nikayapitisha kwenye kitambaa. Yalipita yote. Juu ya kitambaa kilibaki kitu cheupe kisichojaa kijiko cha chai.

Nilikuwa nimesimama hivyo, kitambaa mkononi, jasho linanidondoka puani, wakati baba aliposema nyuma yangu, "Umeyamwaga?"

Kwetu maziwa hayamwagwi. Mtoto akimwaga maziwa ya ngamia kwa kucheza, atakumbuka siku hiyo mpaka anaoa. Nikageuka. Mzee alikuwa mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama.

"Sijamwaga," nikasema.

Akaja mpaka kwenye sufuria, akachovya kidole, akaonja, uso ukamkunjamana kwa ndimu. "Wape mbuzi wa jirani," akasema. "Haya ndiyo mambo ya jikoni." Akageuka aondoke.

Hapo nilichemka. Miaka kumi na tano ilinipanda kooni kwa pamoja. "Aabo," nikamwita, "kwetu nani anakamua ngamia?"

Akasimama. "Wanaume."

"Mwanamke akitaka kukamua?"

"Mwanamke hakamui ngamia. Wewe unalijua hilo."

"Basi maziwa haya yamekamuliwa na mwanamume, yamepimwa na mwanamume, yamepandishwa garini na mwanamume, na wewe mwenyewe umeyashika magotini kutoka Hulugho mpaka hapa. Yamekuwa ya aibu lini? Yalipovuka kizingiti hiki?"

Sikuwahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu, na nilijua mke wangu huko uani ameacha kutwanga ili asikie vizuri. Mzee alitazama sufuria, akatazama maganda ya ndimu, akatazama kile kitambaa, na nikaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, kama anavyofikiri mbele ya mnyama anayechechemea.

"Ulikuwa unataka yawe magumu?" akaniuliza.

"Ndiyo. Kama jibini."

"Ya ngamia hayagandi," akasema. "Tangu nizaliwe sijaona yakiganda sawasawa. Mbuzi ndiye anayeganda. Ukichinja kitoto cha mbuzi kinachonyonya, tumboni mwake unakuta kitu cheupe, kigumu. Hujawahi kukiona?"

Nilikuwa nimekiona mara nyingi. Nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu hii, utotoni, kisha nikaenda Nairobi nikafundishwa habari za jibini na mwalimu mwenye koti jeupe, na sikuviunganisha vitu hivi viwili hata siku moja. Nilijisikia mjinga kweli kweli. Baba alikwisha kuchukua fimbo yake. "Maziwa ya mbuzi ya wapi ni mazuri hapa?" akauliza, na kabla sijajibu akawa ametangulia nje.

Tulivuka daraja la Tana kwa miguu, kwa sababu ng'ambo ile ndiko waliko akina mama wanaofuga mbuzi karibu na mashamba ya mtoni. Wao si Wasomali, na Kiswahili cha baba yangu ni cha sokoni, alichokiokota kwa wanunuzi wa mifugo kwa miaka mingi, lakini kilimtosha. Kwa mama wa kwanza alifungua chombo, akainama, akanusa.

"Mama, hii masiwa iko na maji."

"Maji gani, mzee wangu?" mama yule akaruka. "Mto ule pale, na mimi leo sijaenda."

"Iko na maji," baba akarudia kwa upole, akafunga kifuniko na kumshukuru. Mama yule alicheka akatazama pembeni. Kwa wa pili hakunusa hata kidogo, alitazama tu mbuzi wenyewe, akapita. Kwa wa tatu alichutama.

"Hii mbusi yako imesaa lini?"

"Mwezi wa pili huu, mzee."

"Mtoto yake iko hai?"

"Yule pale, anakula shuka langu."

Baba akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ni masuri," akasema, na kwa mama huyo na dada yake wa jirani tukajaza jerikeni yetu ya lita ishirini. Tulipokuwa tunarudi darajani, mimi nimebeba, yeye fimbo mabegani, nilitaka kusema neno la shukrani. Akaniwahi.

"Mimi nimenunua maziwa," akasema. "Utakachoyafanyia ni shauri lako. Hivyo ni vitu viwili."

Nikasema sawa. Lakini haikuwa sawa. Mtu aliyevuka daraja juani kuchagua mbuzi kwa ajili ya chakula ambacho hatakila alikuwa anazidi kunikasirisha.

Maziwa yale yaliganda kana kwamba yananiomba radhi. Ndimu chache tu za akiba ya mke wangu, na sufuria nzima ikaachana: huku maji ya kimanjano, huku mabonge meupe, mazito, yanayong'aa. Baba alikuwa ameketi nje chini ya dirisha la jikoni na tasbihi yake, mahali ambapo hapakuwa na kivuli cha maana.

"Yameganda?" sauti yake ikaingia dirishani.

"Yameganda."

"Mm."

Nikayamimina kwenye kipande kipya cha bafta, nikatia chumvi, nikafunga, nikakitundika kwenye msumari wa ukutani kivuje. Mke wangu alipopita akasema bafta nyeupe iliyofungwa namna ile siku moja kabla ya nikahi ni mkosi, watu watadhani nimeshona sanda. Nikamwambia sanda itakuwa yangu jibini hii ikishindwa. Baadaye nikaiweka kati ya mbao mbili, juu nikapandisha jerikeni iliyojaa maji, na kufikia asri nilikuwa na bonge gumu, jeupe, linalokatika bila kuvunjika. Nikakata kipande kimoja, nikakivika, nikakaanga. Ndani kilikuwa kizuri ajabu, kina ile ladha ya mbali ya mbuzi. Nje, hapana. Zile chenga za mkate wa dukani zilinyonya mafuta zikalegea.

Mtu mwingine angesema inatosha. Mimi nilikuwa nimeahidi jibini inayolia mdomoni. Mke wangu, bila kuniambia neno, akaniletea sinia la anjera za jana, ile mikate yetu myembamba ya chachu, akazianika juu ya mabati. Jua la Garissa lilizikausha kabla sijamaliza kunywa chai. Tukazitwanga kwenye kinu. Nikavika kipande cha pili kwa chenga hizo, nikarudia yai, nikarudia chenga, nikakitia kwenye mafuta. Nilipokiuma, mtoto wangu wa pili aliyekuwa chumba cha pili akauliza nini kimevunjika. Nikajua nimefika. Nilitaka hivyo hasa, mzee aliyeketi mkeka wa mwisho asikie kinavunjika mdomoni mwa mzee wa mkeka wa kwanza.

Ijumaa, tulipotoka msikitini adhuhuri, tukatandika mikeka uani chini ya turubai. Mke wangu na jirani wakashika wali na nyama. Mimi nikakata jibini vipande virefu, nikavivika vyote mara mbili, nikavipanga kwenye masinia, nikafunika. Karai la mafuta nikaliweka tayari. Kitu hiki hakingoji. Ukikikaanga mapema kinakuwa raba. Kinataka kutoka motoni kiende mdomoni. Nikamwambia mke wangu, "Ukisikia amin ya mwisho, washa." Kisha nikavaa kanzu nyeupe na kofia, nikaenda kuketi kando ya baba, kama nilivyoahidi.

Wakwe wa Tarbaj walikuja wamejaa gari tatu, wazee wenye ndevu za hina, wapole, wenye kuuliza hali ya mvua, ya malisho, ya mifugo, na kuuliza tena. Sheikh akasoma. Baba akamshika bwana harusi mkono, akatamka kwamba amemwoza binti yake, na sauti yake ikakwama kidogo katikati, akaitafuta, akaipata. Kijana akakubali. Ikasomwa dua ndefu. Tukasema amin, tukapangusa nyuso, na jikoni nikasikia jiko la gesi likiwaka.

Nikaanza kuinuka. Baba akanishika upindo wa kanzu. "Kaa," akasema chini kwa chini, bila kunitazama.

"Aabo, mafuta yako motoni."

"Kaa na watu."

Wazee wawili wa Tarbaj walikuwa wameshatugeukia. Nikapiga moyo konde, nikautoa upindo wa kanzu yangu taratibu katika vidole vya baba, kimoja kimoja, nikasimama mbele ya watu wote wale, nikatembea mpaka jikoni. Nilivaa aproni juu ya kanzu. Nikaitia jibini ya kwanza mafutani, na ilipoanza kuchachatika, nikatulia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina nyingine, na sitaki nyingine.

Nilibeba sinia la kwanza mwenyewe, na bakuli la pilipili ya kijani, nikaanza na ami yake bwana harusi. Akachukua kipande kwa mashaka, akauma. Uliposikika ule mvunjiko, mazungumzo ya mkeka mzima yalisimama.

"Hii ni nini?"

"Maziwa ya mbuzi," nikasema.

"Maziwa yanavunjika?" Akacheka mpaka kofia ikamteleza, akachukua vingine viwili, akamwita mwenzake. Mikono ikaanza kuja kutoka kila upande. Ua mzima ulikuwa unavunjika, na kwenye dirisha la chumba cha wanawake nikaona macho ya dada yangu yakinicheka. Nilifurahi, lakini nusu tu. Nikazunguka na sinia mpaka nikafika kwa baba, nikainama mbele yake.

Alikitazama kipande kwa muda mrefu. Kisha akakichukua. Akakipeleka mdomoni, upande wa kushoto, akabana. Taya likasimama. Akakihamishia upande wa kulia, akabana tena, kisha akakitoa kizima, akakishika kwenye kiganja.

Nikasema moyoni, hata leo. Hata mbele ya wakwe, baada ya daraja lile na jua lile. Nilikuwa karibu kusema jambo ambalo nisingeweza kulirudisha. Ndipo mzee akageuza uso pembeni, akapitisha ulimi ndani ya shavu, na mdomo ukafunguka kidogo, nami niliyekuwa nimeinama karibu yake nikaona. Magego hayakuwapo. Si ya juu, si ya chini, pande zote mbili. Yalibaki meno machache ya mbele, marefu, ya manjano.

Mke wangu alikuwa anajua. Aliniambia baadaye, akishangaa kwamba sijui: tangu mwaka uliopita humkatia mzee nyama ndogo kama ya mtoto, na mchele wake huuongezea maji. Yeye alijua kwa sababu humpikia. Mimi nilikuwa nimeshughulika miaka yote kutaka ale changu, na siku nilipompikia, nilimpikia kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kupika, na nikajisifu kwa ugumu wake.

Nikanyoosha mkono nikichukue. "Nisamehe, aabo," nikasema. "Lete."

Akaukwepesha mkono wake. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Alikitumbukiza kile kipande ndani ya chai, akakishikilia humo kwa vidole viwili, bila haraka. Niliona chenga zangu zilizotwangwa zikilegea, zikiachana, zikielea juu. Mvunjiko wote ule ukaisha ndani ya kikombe. Akakitoa kikiwa kimelainika, akakiweka kwenye ulimi, akafumba mdomo, akakila. Koo lake likapanda na kushuka. Akachukua cha pili kwenye sinia, akakifanyia vivyo hivyo, kisha cha tatu. Ami wa bwana harusi alikuwa anatutazama, na baba hakujali.

"Kesho nipikie ile ya kabla ya mafuta," akaniambia, akijipangusa ndevu. "Ile laini. Hii umeiharibu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na kwa kuwa nilikuwa na sinia mikononi sikuweza kujificha uso. Nikasema, "Haye, aabo." Kisha nikaenda kumletea chai nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa imejaa chenga.